Maswali ya Wasomaji: Nani Aone Nini Ndani ya Mfumo wa Hesabu?

Barua tulizozichagua kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kupanga ruhusa za watumiaji katika mifumo ya kuendeshea biashara kwa kutumia makundi ya usalama, badala ya kumpa kila mfanyakazi ruhusa zake kwa mkono. Tumefupisha baadhi ya barua na kuacha majina ya waandishi na ya kampuni zao.

SWALI: Kampuni yetu, inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla, ilihamia Microsoft Dynamics 365 Business Central mwaka uliopita. Waliotusimikia mfumo walimpa kila mtumiaji seti ya ruhusa iitwayo SUPER ili kazi isikwame wakati wa kuanza, wakaahidi kwamba ruhusa zingepangwa baadaye. Hazikupangwa. Leo mtunza stoo anaweza kufungua leja kuu, na keshia anaweza kubadilisha bei. Mkaguzi wa nje ametutaka turekebishe hali hiyo kabla ya kufunga hesabu za mwaka. Tuanzie wapi bila kusimamisha kazi? *(Mhasibu Mkuu, Mwanza)*

JIBU: Hali yenu ni ya kawaida kuliko mnavyodhani, na sababu yake ni kwamba siku ya kuanza kutumia mfumo hakuna anayetaka kusikia kwamba ankara imekwama kwa kukosa ruhusa. Hata hivyo ni vizuri kuelewa uzito wa SUPER. Hiyo si ruhusa kubwa tu miongoni mwa nyingine. Inamwezesha aliye nayo kusoma, kuingiza, kurekebisha na kufuta data yote ya kampuni, na pia kuwagawia au kuwanyang'anya wengine ruhusa zao. Kwa hiyo mtunza stoo wenu, mbali na kuisoma leja kuu, anaweza pia kumwondolea Mkurugenzi ruhusa ya kuingia katika mfumo wake mwenyewe.

Ruhusa katika Business Central zina ngazi tatu, na anayezichanganya hupoteza muda mwingi. Ngazi ya chini ni ruhusa yenyewe, ambayo hutaja kitu kimoja, kama vile jedwali la data, ukurasa au ripoti, na kueleza mtumiaji anaweza kukifanyia nini. Ngazi ya kati ni seti ya ruhusa, ambayo hukusanya ruhusa zote zinazohitajika kwa kazi moja inayoeleweka, kwa mfano kuandaa ankara za mauzo au kupokea mzigo stoo. Ngazi ya juu ni kundi la usalama, ambalo hukusanya watu wa kazi hiyo na kupewa seti zinazowahusu. Kundi lenyewe huundwa katika Microsoft Entra, yaani pale ambapo akaunti za wafanyakazi wenu zinatunzwa, kisha huunganishwa na Business Central. Utaratibu huu ulianza katika toleo la kwanza la mwaka 2023, ukachukua nafasi ya makundi ya watumiaji ya zamani yaliyokuwa yakiundwa ndani ya mfumo wenyewe. Faida yake ni kwamba mfanyakazi mpya wa stoo akiingizwa katika kundi la stoo, anakuwa amepata kila anachohitaji bila mtu kukumbuka orodha ndefu ya seti.

Nawashauri msianze kwenye kompyuta. Anzeni kwa karatasi, mkiandika kazi zinazofanyika na si majina ya watu: nani anaandaa oda ya ununuzi, nani anaiidhinisha, nani anapokea mzigo, nani anaingiza ankara ya aliyewauzia, nani anaposti (yaani anayaingiza maingizo rasmi katika leja), nani anatayarisha malipo, nani anafunga kipindi cha hesabu. Kazi hii ni ya Mhasibu Mkuu na wakuu wa idara, na mtaalamu wa kompyuta akiachiwa peke yake atapanga kwa kukisia, kwa kuwa yeye anajua majedwali lakini hajui ni nani kati ya watu wawili wa ununuzi anayestahili kuona bei ya gharama.

Baada ya hapo, tazameni seti zinazokuja na mfumo. Hizo haziwezi kurekebishwa, nanyi msisikitike kwa hilo, kwa sababu Microsoft huzisasisha kila toleo jipya linapotoka; tengenezeni seti zenu kwa kuzinakili au kuzijumuisha, halafu ongezeni na kupunguza humo. Pale ambapo hamna uhakika kazi fulani inagusa majedwali gani, kuna kipengele cha kurekodi ruhusa: mnafungua seti mpya, mnaanza kurekodi, msimamizi anaifanya kazi ile hatua kwa hatua kama mfanyakazi angeifanya, na mfumo unaandika kila kilichoguswa. Kipengele hiki kina udhaifu mmoja ambao huwaumiza wengi, nao ni kwamba hurekodi tu njia iliyopitwa. Ukirekodi uandaaji wa ankara bila kurekodi pia namna ya kuibatilisha, mfanyakazi atafanya kazi vizuri kwa wiki tatu, kisha siku mteja atakapokataa ankara, kila kitu kitasimama. Kwa hiyo rekodini pia mambo yasiyo ya kila siku: kurejesha bidhaa, kusahihisha ingizo lililokosewa, kuhesabu stoo, kufunga mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo mkaguzi wenu atalipenda. Ruhusa ya kuingiza, kurekebisha au kufuta haina jibu la ndiyo na hapana peke yake. Kuna jibu la tatu, yaani ruhusa isiyo ya moja kwa moja. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kuongeza ingizo katika leja kuu kupitia tu hatua ya kuposti jarida la hesabu au ankara, ambapo mfumo hukagua tarehe, akaunti na usawa wa pande mbili za ingizo, lakini hawezi kuligusa jedwali la leja kwa njia nyingine yoyote. Kwa majedwali yote ya maingizo yaliyopostiwa, hicho ndicho kiwango kinachofaa kwa wahasibu wa kawaida.

Kuhusu kuondoa SUPER, fanyeni idara moja baada ya nyingine, katikati ya mwezi na kamwe si siku za mwisho wa mwezi, mkianza na wale ambao kazi yao ni finyu, kama stoo. Jaribuni kwanza katika mazingira ya majaribio yenye nakala ya data yenu. Ukurasa wa ruhusa halisi utawaonyesha, kwa mtumiaji yeyote, kila alicho nacho na seti iliyompa. Waambieni wafanyakazi kwamba wakikutana na ujumbe wa kukosa ruhusa wasiufunge bali waupige picha, kwani ujumbe huo hutaja kitu kilichozuiwa kwa namba na jina lake pamoja na ruhusa iliyokosekana. Namba 17 ni maingizo ya leja kuu, 18 ni wateja, 27 ni bidhaa. Picha hiyo humwokolea msimamizi nusu siku ya kubahatisha. Wabakizeni wawili tu wenye SUPER, kila mmoja akiwa na uthibitisho wa hatua mbili anapoingia. Mfumo hautawaruhusu kumwondoa wa mwisho, lakini kubaki na mmoja ni kujitafutia matatizo siku atakapougua.

SWALI: Katika Microsoft Entra ninaona makundi ya aina mbalimbali, na mtangulizi wangu aliacha makundi ndani ya makundi hadi sielewi nani yuko wapi. Je, ni kundi gani hasa linalofaa kubeba ruhusa, na je, kuna ubaya wowote wa kuweka kundi ndani ya jingine? *(Afisa TEHAMA, kampuni ya uwakala wa forodha, Mombasa)*

JIBU: Linalofaa ni kundi la usalama. Kundi la usambazaji wa barua hutuma barua pepe kwa watu wengi na halibebi ruhusa yoyote. Kundi la Microsoft 365 huja na sanduku la barua, kalenda na mahali pa kuhifadhi nyaraka za pamoja, nalo huundwa kwa ajili ya watu kushirikiana. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi mwenye kundi ni mfanyakazi wa kawaida anayeweza kumkaribisha mwenzake bila kufikiri kwamba anamfungulia pia leja. Ni salama zaidi kutenganisha kundi la kuzungumza na kundi la kufungulia milango.

Kuweka kundi ndani ya kundi kulikuwa desturi nzuri katika Active Directory, yaani mfumo wa Microsoft wa kutunza akaunti kwenye seva za kampuni yenyewe, uliokuja na Windows 2000, na bado ni nzuri huko. Watu huwekwa katika kundi linalotaja kazi yao, kundi hilo likawekwa ndani ya kundi jingine linalotaja rasilimali, kwa mfano folda ya nyaraka za forodha, na hilo la pili ndilo linalopewa ruhusa. Mtu akibadilisha kazi unagusa kundi la kwanza. Folda ikihamishwa unagusa la pili. Katika Entra, hata hivyo, ugawaji wa programu kwa kundi hauwafikii waliomo katika makundi yaliyopandikizwa ndani yake, na ugawaji wa leseni kwa kundi ni vivyo hivyo. Hapo ndipo mtangulizi wako alipokwamia, naamini: alihamisha muundo wa zamani mahali ambapo haufanyi kazi kwa namna ileile. Ukitaka kuusafisha, anza na makundi yanayogawa leseni na programu, na wanachama wake wawe watu wenyewe.

Kumbuka pia kwamba katika Active Directory orodha ya makundi ya mtu husomwa anapoingia kwenye kompyuta. Umemwongeza katika kundi saa nne asubuhi na bado folda haifunguki? Mwambie atoke na kuingia tena kabla hujaanza kutafuta kosa.

SWALI: Tunatumia mfumo uitwao Odoo katika biashara yetu ya dawa za jumla yenye matawi matatu. Tulitaka wauzaji wa Nakuru waone oda za Nakuru peke yake, tukatengeneza kundi jipya lenye kanuni hiyo na kuwaingiza humo. Bado wanaona oda za matawi yote. Je, mfumo una kasoro? *(Mmiliki, Nakuru)*

JIBU: Mfumo hauna kasoro. Umefanya ulivyoundwa kufanya, na sheria inayouongoza ni ileile katika takriban mifumo yote ya biashara: makundi huongeza, hayapunguzi. Mtu akiwa katika makundi mawili, moja likimruhusu na jingine likiwa kimya, ameruhusiwa. Hakuna kundi linaloweza kumnyima mtu alichopewa na kundi jingine. Wengi hutengeneza "kundi la kuzuia" wakidhani limezuia, na hugundua vinginevyo kwa njia mbaya.

Odoo ina tabaka mbili. La kwanza ni haki za ufikiaji, ambazo kwa kila aina ya rekodi husema kundi fulani linaweza kusoma, kuunda, kurekebisha au kufuta. La pili ni kanuni za rekodi, ambazo huchuja ni rekodi zipi hasa ndani ya aina hiyo. Katika sehemu ya mauzo, mtumiaji huwekwa katika moja ya ngazi tatu: anayeona nyaraka zake tu, anayeona nyaraka zote, na msimamizi. Ngazi ya nyaraka zote hubeba kanuni ya rekodi ambayo ni kweli daima, yaani haichuji chochote. Kanuni zilizofungwa kwenye makundi huunganishwa kwa "au": rekodi ikikubaliwa na mojawapo, inaonekana. Wauzaji wenu, bila shaka, wako katika ngazi ya nyaraka zote, na kanuni yenu mpya imeungana na ile isiyochuja kitu. Oda ya Kisumu haikubaliwi na kanuni ya Nakuru, lakini inakubaliwa na ile nyingine, na hilo linatosha.

Mnaweza kulirekebisha kwa kuwashusha wauzaji hadi ngazi ya nyaraka zao tu, kisha kuwaachia kundi lenu jipya. Kanuni mbili zitaungana, na muuzaji ataona oda zake pamoja na za tawi lake. Njia nyingine ni kuandika kanuni ya jumla, isiyofungwa kwenye kundi lolote. Kanuni za jumla huunganishwa kwa "na", kwa hiyo rekodi lazima ikubaliwe na zote, na hiyo ndiyo njia pekee ya kuzuia kweli. Lakini itamgusa kila mtu, pamoja na meneja wenu wa mauzo anayepaswa kuona matawi yote, kwa hiyo ikiandikwa vibaya ofisi nzima italalamika asubuhi ya kesho yake. Kama matawi yenu yana hesabu zinazotenganishwa, kuna suluhisho lililo safi zaidi: tangu toleo la 17 la mwaka 2023, Odoo inakubali kampuni iwe na matawi ndani yake, na kila mtumiaji hupewa orodha ya matawi anayoruhusiwa kuyafanyia kazi. Kanuni za jumla zinazokuja na mfumo hushughulikia mengine.

Mkishamaliza, msijaribu kwa akaunti ya msimamizi mkuu, kwa sababu yeye hupita juu ya kanuni zote. Jaribuni kwa akaunti ya muuzaji halisi au ya majaribio iliyo katika makundi yaleyale. Vilevile, msihesabu kuficha menyu kuwa ni ulinzi. Menyu iliyofichwa humzuia mtu mwaminifu kupotea njia; mwenye kiungo cha ukurasa, au anayejua kutafuta rekodi kupitia ukurasa mwingine, ataifikia data kama haki za ufikiaji zinamruhusu.

SWALI: Mimi ni mkaguzi wa ndani katika chama cha akiba na mikopo. Idara yetu ya hesabu ina watu wanne. Vitabu vinasema anayefungua akaunti ya muuzaji asiwe yuleyule anayelipa, lakini kwa watu wanne hatuwezi kugawanya kila kitu. Tufanye nini? *(Mkaguzi, Arusha)*

JIBU: Umeuliza swali ambalo makundi ya usalama yaliundwa ili kulijibu. David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, walipochapisha mwaka 1992 wazo la kudhibiti ufikiaji kwa kufuata majukumu, walikuwa wakitazama namna mashirika ya kiraia yanavyofanya kazi. Huko siri za kijeshi si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba mtu mmoja asiweze kukamilisha peke yake muamala unaoweza kutumiwa kuiba. Kiwango cha Marekani kilichotoka mwaka 2004 kutokana na kazi hiyo kinataja utenganisho wa aina mbili. Katika ule wa kudumu, mtu hawezi kamwe kuwa na majukumu mawili yanayogongana. Katika ule wa papo kwa papo, anaweza kuwa nayo yote mawili lakini asiyatumie kwa wakati mmoja.

Nyinyi ni wanne, kwa hiyo msijaribu kutenganisha kila kitu. Chagueni miunganiko ya kazi ambayo fedha inaweza kuibiwa kupitia humo. Kwa maoni yangu, hatari iliyo juu ya zote ni kubadilisha namba ya akaunti ya benki ya anayelipwa, ikiunganishwa na kutayarisha malipo. Mwenye uwezo huo wa pande mbili hahitaji kughushi ankara. Anasubiri ankara halali ya muuzaji halali, anabadilisha akaunti siku ya malipo, kisha anairejesha jioni. Ankara iko sawa, oda iko sawa, saini ziko sawa. Hatari inayofuata ni kufungua muuzaji mpya na kuposti ankara yake, na kwa chama kama chenu ongezeni kusajili mwanachama na kuidhinisha mkopo wake. Mambo mengine, kama mtu mmoja kuandaa oda na kupokea bidhaa za ofisi za thamani ndogo, yanaweza kuvumiliwa.

Hiyo miunganiko mitatu itenganishwe kwa makundi: kundi linaloweza kurekebisha taarifa za wanaolipwa lisiwe na mwanachama hata mmoja aliyeko katika kundi la malipo. Usiitegemee kumbukumbu ya mtu kwa hilo. Pakua orodha za wanachama wa makundi hayo mawili kila mwezi na uzilinganishe. Kwa watu wanne ni kazi ya dakika chache. Pale utenganisho unaposhindikana kabisa, weka udhibiti wa kufidia, yaani ukaguzi wa kuziba pengo hilo, ambao sharti ufanywe na mtu asiye mmoja wa hao wanne. Mifumo mizuri huweka kumbukumbu ya mabadiliko inayoonyesha nani alibadilisha nini, lini, kutoka thamani gani kwenda ipi. Katika Business Central unaweza hata kuchagua sehemu nyeti, kama namba ya akaunti ya benki, ili barua pepe itumwe pindi inapoguswa. Barua hiyo iende kwa meneja au kwako, isiende kwa msimamizi wa mfumo anayeweza kuizima.

Utenganisho kwenye karatasi haumzuii anayejua mifereji yote. Mwezi Januari 2008 benki ya Ufaransa, Société Générale, ilitangaza hasara ya euro bilioni 4.9 iliyotokana na miamala ya siri ya mfanyabiashara wake Jérôme Kerviel, ambaye kabla ya kuhamishiwa dawati la biashara alikuwa amefanya kazi katika idara inayohakiki miamala hiyohiyo. Alijua ukaguzi unapita lini na unatazama nini. Ninaitaja kesi hii kwa sababu katika ofisi ndogo uhamisho wa aina hiyo hutokea kila mara, na aliyehama mara nyingi huhama na ruhusa zake za zamani pia, jambo tutakalolirudia katika barua ya mwisho.

SWALI: Dawati letu la mauzo lina watu watatu wanaoingia kwa akaunti moja iitwayo "mauzo" ili kuokoa gharama ya leseni. Meneja anasema hakuna tatizo mradi nywila ibadilishwe kila mwezi. *(Katibu Muhtasi, Dar es Salaam)*

JIBU: Tatizo lipo. Mifumo ya aina hii huuzwa kwa leseni ya mtumiaji anayetajwa, yaani kila mtu na leseni yake, kwa hiyo mnavunja mkataba, na punguzo la bei likitolewa kwa makosa hakuna atakayejulikana kulitoa. Kubadilisha nywila inayojulikana na watatu hakubadilishi chochote.

SWALI: Nafanya kazi katika idara ya rasilimali watu. Wafanyakazi wanapohama idara au kuacha kazi, sisi huwaandikia watu wa kompyuta barua, nao hushughulikia wanapopata nafasi. Hivi karibuni tuligundua kwamba mtu aliyehamia masoko miaka miwili iliyopita bado anaona mishahara. Je, kuna wajibu wa kisheria hapa, na utaratibu gani unafaa? *(Afisa Rasilimali Watu, Nairobi)*

JIBU: Wajibu upo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde kwa hatua za kiufundi na za kiutawala, na kwa wasomaji wetu wa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka wajibu wa aina hiyohiyo. Mshahara wa mtu ni taarifa yake. Kampuni itakayoulizwa kwa nini mtu wa masoko aliweza kuiona haitapata jibu zuri.

Anayeajiriwa hupata ruhusa upesi kwa sababu yeye mwenyewe huzidai, na anayeacha kazi hukumbukwa kwa sababu kiti chake kiko wazi. Anayehama ndiye husahaulika, kwa kuwa hana sababu ya kulalamika: amepata ruhusa mpya na za zamani hazimsumbui. Baada ya uhamisho wa mara mbili au tatu, mfanyakazi mwaminifu wa miaka kumi huwa na uwezo mkubwa kuliko meneja wake. Kwa hiyo fomu ya uhamisho iwe na sehemu mbili zinazolazimika kujazwa, makundi anayoingia na makundi anayotoka, pamoja na tarehe ya mwisho endapo itabidi ashikilie kazi ya zamani kwa muda wa makabidhiano. Mtu anayekaimu likizo ya mwenzake apewe uanachama wa kundi wenye tarehe ya kwisha. Asipewe nywila ya aliye likizoni.

Kama kampuni yenu ina leseni ya Entra ya kiwango cha P1 au zaidi, unaweza kuunda makundi yanayojijaza yenyewe kwa kufuata kanuni, kwa mfano kwamba kila ambaye idara yake imeandikwa "Mishahara" awe mwanachama. Mtu akihama nanyi mkabadilisha idara yake katika kumbukumbu, anatoka kwenye kundi bila barua kwa mtu yeyote. Tahadhari yangu ni kwamba kuanzia hapo anayeweza kuhariri jina la idara anagawa ruhusa za mishahara, hata kama yeye mwenyewe hajui, na tahajia iliyokosewa katika jina la idara inaweza kumfungia mtu nje asubuhi ya siku ya malipo.

Kila robo mwaka wakuu wa idara wapelekewe orodha ya waliomo katika makundi yao, nao waandike karibu na kila jina kama abaki au atoke. Orodha iandikwe kwa lugha ya kazi, "anaweza kuona mishahara ya wote", badala ya majina ya seti ambayo mkuu wa idara atayasaini bila kuyaelewa. Kundi la mishahara, kwa uzito wake, lipitiwe kila mwezi.

Kwa anayeacha kazi, akaunti ifungwe siku yake ya mwisho kabla hajarudisha kompyuta, na vipindi vyote vya matumizi alivyofungua vibatilishwe palepale, kwa kuwa kibali ambacho programu hupewa mtu anapoingia huweza kuendelea kufanya kazi kwa dakika 60 hadi 90 hata baada ya akaunti kufungwa. Ndani ya mfumo wa hesabu, mtumiaji awekwe katika hali ya kuzuiwa na asifutwe. Maingizo aliyoyaposti yanaendelea kubeba utambulisho wake, na mkaguzi atakayekuja baadaye atahitaji kujua utambulisho huo ulikuwa wa nani.